Dozi Ikikatika Njiani: Kifua Kikuu na Usugu wa Dawa

Mazungumzo kwa wananchi wa Kaunti Ndogo ya Sotik



Mgonjwa wa kifua kikuu hapati taabu kubwa ya kumeza dawa katika wiki za kwanza. Kikohozi kinamnyima usingizi, jasho la usiku linalowesha shuka, nguo zimempwaya na majirani wameanza kunong'ona. Akipewa vidonge, anavishika kwa mikono miwili. Taabu huja mwezi wa pili au wa tatu. Kikohozi kimenyamaza, uzito umerudi, hamu ya chakula imekuwa kubwa kuliko kilichomo jikoni, na majani chai shambani hayangoji mtu. Asubuhi ile anapoamka akijiona mzima ndiyo asubuhi ya hatari, kwa sababu ndiyo anapojiuliza kama kuna haja ya kurudi kliniki.

Ndani ya kifua, hata hivyo, kazi imefika nusu tu. Vijidudu vya kifua kikuu havifanani kwa tabia. Vipo vinavyozaliana kwa kasi, na hivyo ndivyo dawa huviua mapema. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu haraka. Vipo vingine ambavyo ni kama vimelala. Haviongezeki sana, na dawa huvipata polepole, kimoja kimoja, kila vinapoamka. Hivyo ndivyo vinavyohitaji miezi sita. Aliyeacha dawa mwezi wa tatu ameua vyenye kelele na kuviacha vilivyo kimya.

Baadhi ya vile vinavyobaki huwa vimejifunza kuishi na dawa. Huo ndio usugu. Wafugaji wa Ndanai na Abosi hawahitaji kuelezwa kwa kirefu jambo hili. Kila aliyewahi kuogesha ng'ombe anajua kinachotokea dawa ya kupe inapochanganywa na maji mengi kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa, ili ifike mwisho wa mwezi. Kupe dhaifu hufa, kupe shupavu hubaki, na kizazi kinachofuata ni watoto wa wale shupavu. Baada ya misimu michache, dawa iliyokuwa ikisafisha boma zima inakuwa kama maji. Dawa yenyewe haijabadilika. Waliobadilika ni kupe, na aliyewachagua ni mfugaji bila kujua.

Katika kifua mambo ni hayohayo, ila hesabu ni kubwa zaidi. Tundu moja katika pafu la mtu aliyeugua muda mrefu linaweza kubeba vijidudu milioni 100 au zaidi. Katika kila milioni moja hivi, kimoja huzaliwa kikiwa hakidhuriwi na dawa iitwayo isoniazidi, hata kama hakijawahi kukutana nayo. Kwa rifampisini, dawa yenye nguvu zaidi, ni kimoja katika kila milioni 100 hivi. Kwa hiyo mgonjwa akipewa isoniazidi peke yake, tayari anavyo kifuani vijidudu vinavyoicheka. Vingine vitakufa, hivyo vitabaki na kujaza nafasi. Lakini kijidudu kinachozaliwa kikiwa na kinga dhidi ya dawa zote mbili kwa pamoja ni nadra kiasi kwamba hakitarajiwi kupatikana katika mwili wa mtu mmoja. Ndiyo sababu dawa za kifua kikuu hutolewa zikiwa kundi. Kila moja inaulinda mgongo wa mwenzake.

Elimu hiyo ilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Streptomaisini, dawa ya kwanza kufaa dhidi ya kifua kikuu, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Waingereza waliijaribu kwa wagonjwa 107 miaka michache baadaye. Wagonjwa 55 walidungwa dawa hiyo, na 52 walilazwa tu kitandani, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Miezi sita ilipotimia, waliokufa kwa upande wa streptomaisini walikuwa 4. Kwa upande mwingine walikuwa 14. Ilionekana kama muujiza. Lakini wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka mitano, na mwishoni waliokufa walikuwa 32 kati ya wale 55 na 35 kati ya wale 52. Karibu tofauti yote ilikuwa imeyeyuka. Dawa moja, ikitumika peke yake, ilikuwa imefuga vijidudu sugu ndani ya vifua vya watu waliodhani wamepona. Madaktari walipoongeza dawa ya pili, usugu ulipungua sana, na tangu hapo hakuna daktari anayejua kazi yake anayetibu ugonjwa huu kwa dawa moja.

Sehemu kubwa ya kazi iliyofuata ilifanyika karibu na nyumbani. Nairobi palikuwa na Kituo cha Uchunguzi wa Kifua Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoshirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanganyika walishiriki katika majaribio ya kutafuta dawa ambazo nchi maskini zingeweza kuzimudu. Matibabu ya kawaida ya wakati huo yalichukua mwaka mmoja na nusu: isoniazidi pamoja na thiasetazoni, na sindano za streptomaisini katika miezi ya kwanza. Wengi walichoka njiani, kama ambavyo mtu yeyote angechoka.

Ndipo lilipofuata jaribio ambalo kila mgonjwa wa leo analo la kulishukuru. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walipewa matibabu ya miezi sita tu, ambamo rifampisini au pirazinamidi iliongezwa juu ya dawa za zamani. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Lancet la London. Waliopata mojawapo ya dawa hizo mbili walipona, na waliougua tena baadaye walikuwa wachache. Miezi 18 ikawa miezi 6. Kwa hiyo anayesikia kuwa matibabu ni miezi sita na kuona ni mingi, ajue kwamba babu yake angeambiwa mara tatu ya hiyo, na kwamba wagonjwa wa Afrika Mashariki wenyewe, watu wa kawaida ambao majina yao hayamo katika vitabu, ndio waliosaidia kuipunguza.

Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1980. Kuanzia mwaka 1993 ikachukua utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu mwingine. Leo mgonjwa mpya ambaye vijidudu vyake si sugu hupewa dawa nne kwa miezi miwili, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambuto, kisha mbili za kwanza huendelea kwa miezi minne. Zimeunganishwa ndani ya kidonge kimoja ili mtu asiweze kuchagua anayoipenda na kuacha anayoichukia. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mwili, na ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kwenye mizani kila anapofika. Dawa hizi ni bure katika vituo vya umma.

Dawa ni bure, lakini barabara si bure, na siku ya kazi si bure. Hapa ndipo mazungumzo kuhusu usugu yanapopaswa kukaa muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu ni rahisi sana kusema mgonjwa ni mkaidi na kufunga kitabu.

Mchumaji wa majani chai hulipwa kwa kilo alizopeleka. Asubuhi ya kliniki ni kilo ambazo hazikuchumwa. Kibarua asiye na mkataba huogopa kuomba ruhusa, na huogopa zaidi kutaja sababu, kwa maana makao ya wafanyakazi yamebanana na habari hupita ukutani. Anayeishi ndani kabisa ya Rongena au Manaret hulipa boda boda kwenda na kurudi, na wakati wa mvua bei hupanda pamoja na matope. Mama mwenye watoto wadogo hana wa kumwachia. Kijana aliyerudi kutoka Nairobi akiwa mgonjwa hana kitambulisho wala mtu anayemjua kituoni. Yapo pia mambo ya njaa. Vidonge hivi huamsha hamu ya kula, na mgonjwa ambaye nyumbani hakuna kitu atavikwepa ili asisikie njaa inayomuuma bila dawa ya kuituliza. Sababu hiyo haisemwi sana kliniki kwa kuwa ina aibu ndani yake, lakini mhudumu akiuliza kwa upole ataisikia.

Kuna pombe. Chang'aa na dawa za kifua kikuu zote mbili hupita katika ini, na ini halina subira ya kubeba mizigo yote kwa pamoja. Hata hivyo, mnywaji anayefukuzwa kliniki kwa sababu amenusa pombe hataacha pombe, ataacha kliniki. Afadhali aje akiwa amekunywa, ameze dozi yake, na mazungumzo kuhusu chupa yaendelee wiki ijayo.

Halafu kuna madhara ya dawa, na hapa mgonjwa hastahili kudanganywa. Mkojo, machozi na jasho hugeuka rangi ya chungwa kwa ajili ya rifampisini. Hilo halina ubaya, ingawa asiyeambiwa mapema huamini anatokwa na damu. Ganzi na michomo miguuni ni kazi ya isoniazidi, na kuna vitamini ya kuituliza. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi aseme, kwa kuwa rifampisini hudhoofisha vidonge hivyo. Lakini macho yakigeuka manjano, kutapika kukizidi, kuona kukififia au ngozi ikianza kuwasha na kuchubuka, mgonjwa aende kituoni siku hiyohiyo. Si kuacha dawa kimyakimya nyumbani, na si kuendelea kimyakimya pia. Malalamiko ya wagonjwa yamewahi kuokoa watu. Mwaka 1991 madaktari waliofanya kazi Nairobi waliripoti kwamba thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa imetumika kwa miaka mingi, iliwachubua ngozi vibaya wagonjwa wenye virusi vya ukimwi, na wengine walikufa. Dawa hiyo ikaachwa. Asingesikilizwa mgonjwa aliyelalamika kuwashwa, ingeendelea kugawiwa.

Na kuna wakati ambapo dozi hukatika kwa upande wa serikali. Mgonjwa amelipa nauli, amefika, mlango umefungwa au dawa haijaletwa, anaambiwa arudi wiki ijayo. Kijidudu kilicho kifuani hakijui kosa ni la nani. Kwake siku saba bila dawa ni siku saba bila dawa, na kituo kilichomrudisha mgonjwa mikono mitupu kimefanya kazi ileile ya chupa ya chang'aa.

Nini kifanyike basi kwa mtu aliyeacha dawa? Jambo hili limewahi kufikishwa mahakamani, tena katika nchi hii ya chai. Agosti 2010, mwezi uleule Katiba mpya ilipozinduliwa, wagonjwa wa kifua kikuu walikamatwa huko Nandi kwa kosa la kutomaliza dawa. Hakimu wa Kapsabet alitumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, kinachoruhusu mtu anayeweza kueneza ugonjwa atengwe, na akaamuru wakae gereza la Kapsabet kwa miezi minane. Huko walilala katika vyumba vilivyojaa, pamoja na wafungwa ambao hawakuwa na ugonjwa huo. Walitoka baada ya siku 46, kwa amri ya Mahakama Kuu.

Hofu iliyowasukuma maafisa wa afya haikuwa ya bure. Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu ambaye hatibiwi huwaambukiza watu wa nyumbani kwake, na akiwa na ugonjwa sugu huwapa ule sugu. Lakini gereza lililojaa, lisilo na hewa, ndilo pahali ambapo kijidudu hiki kingechagua kama kingeulizwa. Kumfungia mgonjwa humo ili kuulinda umma ni kumwaga mbegu ili kuzuia magugu. Zaidi ya hayo, habari ya kukamatwa husafiri haraka kuliko mhudumu wa afya, na mwingine aliyekosa kliniki wiki mbili, akiisikia, haendi kujisalimisha; anahamia kwa shemeji yake wilaya nyingine, na kikohozi chake.

Kesi ya kudai haki ilipelekwa Mahakama Kuu Nairobi na wawili kati yao pamoja na shirika la KELIN. Tarehe 24 Machi 2016, ambayo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa sababu ya kuacha dawa kulivunja haki zao za kikatiba, na kwamba sheria ya afya haikuruhusu jela kuwa wodi. Serikali iliagizwa iandae sera ya kuwatenga wagonjwa wa magonjwa ya kuambukiza kwa njia inayolinda utu wao. Sera ya kutenga wagonjwa wa kifua kikuu ilitolewa mwaka 2018. Kutengwa bado kupo, lakini ni hatua ya mwisho, mahali pafaapo kwa matibabu, baada ya njia nyingine zote kujaribiwa. Chifu wa lokesheni akipata habari za mgonjwa aliyepotea, kazi yake ni kusaidia apatikane na arudi kliniki, si kuandaa pingu.

Ugonjwa ukishakuwa sugu, mambo hubadilika. Ule unaoitwa sugu kwa dawa nyingi ni ule ambao isoniazidi na rifampisini, yaani dawa mbili bora, haziufanyi kitu. Zamani matibabu yake yalikuwa adhabu: vidonge vingi kwa miezi 20 au zaidi, na sindano kila siku kwa miezi kadhaa. Sindano hizo ziliua vijidudu na, kwa wengi, ziliua na masikio. Wapo watu waliopona kifua wakabaki viziwi. Bedakwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2012, ilifungua njia ya kuachana na sindano. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya vidonge pekee kwa miezi sita kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo, kwa kuunganisha bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Ni habari njema isiyopaswa kufichwa, kwa kuwa wengi bado huamini kwamba kuambiwa una kifua kikuu sugu ni kuandikiwa jeneza. Lakini dawa hizi ni za mwisho katika ghala. Zikichezewa kama zilivyochezewa za kwanza, nyuma yake hakuna nyingi zinazosubiri.

Mfano wa kinachoweza kutokea ulionekana Tugela Ferry, mji mdogo wa mashambani huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka 2006 madaktari waliripoti wagonjwa 53 waliokuwa na kifua kikuu kisichosikia karibu dawa yoyote iliyokuwapo wakati huo. Walikufa 52, wengi wao wiki chache tu baada ya makohozi yao kuchukuliwa. Wote waliopimwa virusi vya ukimwi walikuwa navyo. Na zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hawakuwahi kutibiwa kifua kikuu maishani. Hawakuacha dawa yoyote, kwa kuwa hawakuwahi kuanza. Waliambukizwa ugonjwa ukiwa tayari sugu, baadhi yao wakiwa hospitalini kwa ajili ya shida nyingine.

Hilo ndilo linalowakosesha hoja wanaodhani kila mgonjwa sugu amejitakia. Usugu huanza pale dawa inapokatika katika kifua cha mtu mmoja, lakini baada ya hapo unatembea kwa hewa kama kifua kikuu chochote. Mtoto wa shule, bibi aliye jikoni, dereva wa matatu ya kwenda Kisii, yeyote kati yao anaweza kuupata wa kwanza kabisa ukiwa na meno yote.

Kwa sababu hiyo kipimo ni muhimu kabla ya kidonge. Kwa miaka zaidi ya mia moja, tangu Robert Koch alipotangaza huko Berlin mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu hiki, maabara zilitegemea darubini. Darubini huonyesha kwamba vijidudu vipo. Haionyeshi kama ni sugu. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, husoma makohozi kwa muda usiozidi saa mbili, na hutaja kama kuna dalili ya usugu kwa rifampisini. Si kila zahanati inayo, lakini chupa ya makohozi inaweza kusafiri hata kama mgonjwa hawezi. Anayekohoa ana haki ya kuuliza makohozi yake yanapelekwa wapi na majibu yatarudi siku gani. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu zamani, au aliyeishi na mgonjwa wa ugonjwa sugu, aseme hivyo mapema bila kuona haya. Neno hilo moja laweza kubadilisha dawa atakazopewa.

Kikohozi chenyewe kinapuuzwa mno. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2015 na 2016 ulikuta watu wazima 558 wenye kifua kikuu katika kila 100,000, na ukaonyesha kwamba karibu asilimia 40 ya wagonjwa nchini walikuwa hawagunduliwi wala kutibiwa. Wengi wa waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na virusi vya ukimwi. Hilo lirudiwe kila baraza, kwa maana bado kuna mtu anayekohoa miezi mitatu akiogopa kupimwa kwa sababu ya watakachosema watu sokoni. Hapa kwenye baridi kikohozi hupewa majina mengi: ni mafua ya Julai, ni moshi wa jikoni, ni vumbi la kiwandani, ni sigara. Huenda ni kweli. Lakini kikohozi kilichopita wiki mbili, hasa kikiwa na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, hakibishaniwi nyumbani.

Kwa nyumba yenye mgonjwa, dirisha ni dawa. Nyumba nyingi za huku hufungwa barabara kwa sababu ya baridi, na hewa ya ndani hukaa ileile tangu magharibi hadi alfajiri. Dirisha lifunguliwe mchana kutwa, mgonjwa afunike mdomo akikohoa, na katika wiki za kwanza alale chumba chake kama nafasi ipo. Mgonjwa asiye sugu akimeza dawa vizuri, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana baada ya kama wiki mbili. Hakuna haja ya kumtengea kikombe wala sahani, kwa maana ugonjwa huu hausafiri kwa sahani. Watoto walio chini ya miaka mitano na watu wenye virusi vya ukimwi waliomo nyumbani wapelekwe wakachunguzwe. Wakikutwa hawana ugonjwa, ipo dawa ya kuwakinga.

Neno moja kuhusu maziwa, kwa kuwa hapa ni nchi ya maziwa. Iko aina ya kifua kikuu inayotoka kwa ng'ombe, na kijidudu chake kwa asili hakiogopi pirazinamidi, moja ya zile dawa nne. Mgonjwa aliyeipata huanza vita akiwa ameshapungukiwa silaha. Maziwa yakichemshwa, kijidudu hicho hufa. Mursik iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa na kupozwa kabla ya kutiwa kwenye kibuyu haipotezi heshima yake kwa mgeni yeyote.

Upo ushahidi kwamba juhudi huzaa. Kenya ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu sugu. Orodha ilipoandikwa upya mwaka 2021, Kenya haikuwamo tena. Bado imo katika orodha ya nchi zenye kifua kikuu kingi, na kutoka katika orodha moja si cheti cha kudumu.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na mabegi yao. Wanaweza kumpelekea mgonjwa dawa, kumkumbusha tarehe na kumtazama akimeza, na hata shemeji, mwalimu au mwenye duka anaweza kufanya kazi hiyo ya kutazama akikubaliana na mgonjwa na kliniki. Wasimamizi wa mashamba ya chai wanaweza kufanya jambo rahisi zaidi: kumruhusu mgonjwa aende kliniki bila kupoteza kibarua, na kumpa kazi nyepesi mwezi wa kwanza. Mchumaji aliyetibiwa miezi sita anarudi shambani. Aliyefukuzwa hupeleka kikohozi chake shamba la jirani.

Mgonjwa anayesafiri, iwe ni kwenda kuchuma chai Kericho, kutafuta kazi Narok au kumzika ndugu Borabu, aseme kliniki kabla ya kuondoka. Ataandikiwa barua ya uhamisho na kupewa dawa za kutosha njiani, na kituo chochote cha umma nchini kitampokea akiwa na kadi yake. Aliyeondoka ghafla bila barua naye aende kituo cha karibu na alipo, aeleze alianza lini na alikosa siku ngapi. Asianze kukisia dozi mwenyewe, na asikae kimya kwa kuogopa kugombezwa. Aliyekosa siku tatu aende. Aliyekosa miezi mitatu naye aende, achukue chupa ya makohozi, apimwe upya.